Kura kuhesabiwa upya Michigan: nani anaweza kutuchunguza?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Uraia wa Marekani nimeupata juzijuzi hapa Grand Rapids, jimbo la Michigan, na uchaguzi wa mchujo wa Agosti (ule wa vyama kuchagua wagombea wao) nilifanya kazi kituoni. Sasa mgombea mmoja ameomba kura zihesabiwe upya, na daftari la wapiga kura waliofika kituoni kwetu lina jina moja zaidi ya karatasi za kura zilizomo sandukuni. Shemeji anasema maofisa wa jimbo watanichunguza. Kuna barua ya kaunti hapa mezani, naogopa hata kuifungua.

---

Mdogo wangu, ifungue. Shemeji kachanganya mambo mawili.

Bodi inayosimamia kuhesabu upya kazi yake ni kuhesabu, basi. Sheria ya jimbo ilirekebishwa mwaka 2024 ikaweka wazi kwamba kuhesabu upya si uchunguzi wala ukaguzi. Anayedai kuna wizi anaelekezwa apeleke madai yake kwa polisi na waendesha mashtaka. Mbele ya meza ile hakuna wa kukuhoji kama mshtakiwa.

Na jina moja kuzidi ni jambo la kawaida. Mtu anaandikishwa, anapewa karatasi, anaona foleni ndefu, anaondoka zake. Mliandika chochote kwenye ukurasa wa maelezo wa daftari? Hilo ndilo la kuangalia.

---

Naongezea kidogo, maana mwaka 2016 nilikuwa Detroit. Trump alishinda jimbo hili kwa kura 10,704, Jill Stein, mgombea wa Chama cha Kijani, akaomba zihesabiwe upya. Zoezi lilianza Desemba, mahakama ikalisimamisha baada ya siku chache. Lakini vituo vingi vya Detroit vilikuwa vimeshaonekana hesabu haziingiani. Kituo namba 152 ndicho kilichozungumzwa sana: daftari lina wapiga kura 306, kwenye sanduku lenye lakiri zimo karatasi 50!

Hapo ndipo jimbo lilipoingia. Idara ya Uchaguzi, iliyo chini ya Katibu wa Jimbo (ndiyo, ofisi ileile inayotupa leseni za udereva), ilikagua vituo 136. Zile kura za kituo namba 152 zilikuwa zimebaki kwenye pipa la mashine ya kusomea kura, hakuna aliyezihamishia sandukuni usiku ule. Ripoti ikasema makosa ya kibinadamu, si wizi wa kupangwa. Watu walikuwa wamechoka tangu alfajiri, mimi nawaelewa.

---

Asanteni. Kwa hiyo jimbo linaweza kukagua, ila si bodi? Mimi nilizoea ya Kenya: Fomu 34A (ile ya matokeo ya urais ya kila kituo), halafu Mahakama ya Juu.

---

Ndiyo hivyo. Idara inakagua makaratasi na utaratibu. Wizi ni wa polisi, waendesha mashtaka na Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Nao wakija, omba kitambulisho, omba mkalimani kama Kiingereza cha sheria kinakutatiza, na una haki ya kuwa na wakili kabla ya kujibu. Usidanganye tu. Kukosea hesabu ni jambo dogo, kumdanganya mpelelezi ni kesi nyingine kabisa, na kwa mwenye ndugu wanaosubiri karatasi za uhamiaji sitaki hata kuifikiria.

---

Nimeifungua. Wanauliza kama namba ya lakiri iliyo kwenye mfuko wa kura ndiyo tuliyoandika daftarini. Nilisaini mimi na mwenzangu wa chama kile kingine. Kesho nampigia karani wa jiji.