Picha za wima zinalala baada ya kuhaririwa

Mpigapicha_Tanga: Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Picha za mahafali nilizopiga nikiwa nimeshika kamera wima zinaonekana vizuri kwenye simu, lakini nikizipunguza ukubwa kwenye kompyuta na kumtumia mteja, zinamfikia zimelala. Zilizopitia programu moja zimelaza vichwa kushoto, na zilizopitia nyingine zimelaza vichwa kulia. Je, kamera ni mbovu?

Fundi_Picha: Kamera yako ni nzima. Kihisio, yaani sehemu ya kamera inayonasa mwanga, husoma mistari yake kwa mpangilio uleule hata ukiishika kamera wima, kwa hiyo picha huhifadhiwa ikiwa imelala, kisha kamera huandika ndani ya faili, katika taarifa za EXIF (maelezo kuhusu picha yanayokaa pamoja nayo), namba inayoielekeza programu namna ya kuionyesha. Namba hizo ni 1 hadi 8: 1 ni kuiacha ilivyo, 3 ni kuigeuza nyuzi 180, 6 ni kuizungusha nyuzi 90 kufuata mwendo wa saa, na 8 ni nyuzi 90 kinyume chake. Nyingine ni za picha zilizopinduliwa kama kwenye kioo, nazo ni nadra.

Tofauti uliyoitaja ndiyo dalili kubwa. Picha yenye namba 6 ina kichwa upande wa kushoto wa faili; kwa hiyo, ikiwa mteja anaona kichwa kushoto, programu yako iliifuta namba bila kuzungusha pikseli (nukta zinazounda picha). Akiona kichwa kulia, programu ilizungusha pikseli lakini ikaiacha namba 6 palepale, na kifaa chake kikazungusha mara ya pili. Hizo za pili zinatibika kwa ExifTool, programu ya kuhariri taarifa hizo za EXIF: badilisha namba iwe 1, wala pikseli hazitaguswa.

Mpigapicha_Tanga: Ahsante sana, maelezo yako yanalingana kabisa na ninachokiona. Sasa zile za kushoto nikizizungusha mwenyewe, ubora hautapungua?

Mama_Studio: Ukiifungua JPEG (faili ya picha iliyobanwa ili iwe ndogo), ukaizungusha na kuihifadhi upya, inabanwa tena na ubora unapungua kidogo. Kwa kuwa unazo faili asili za kamera, ni heri uanze upya kutoka hizo kwa programu inayoiheshimu namba ile. GIMP, kwa mfano, hukuuliza wakati wa kufungua kama picha izungushwe.

Ukilazimika kuzungusha JPEG yenyewe, programu ya jpegtran hupanga upya vipande vya picha bila kuibana tena. Sharti ni kwamba vipande vikamilike, na katika picha nyingi kila kipande ni pikseli 16 kwa 16. Picha ya 4032 kwa 3024 inagawanyika sawasawa, lakini katika ile ya 4000 kwa 3000 zinabaki pikseli 8 ukingoni mwa chini, nazo haziwezi kuhamia kushoto kwa usahihi, hivyo utalazimika kuzikata.

Fundi_Picha: Naafiki. Niongeze kwamba usijaribie kwenye kivinjari pekee, kwa sababu tangu 2020 Chrome na Firefox huifuata namba hiyo zenyewe, na picha itakayosimama humo inaweza kulala kwenye programu nyingine. Kagua namba yenyewe kabla ya kutuma, pamoja na kijipicha kilichofichwa ndani ya faili, kwani baadhi ya programu huzungusha picha kubwa na kukisahau hicho.