Naomba ushauri: ndege yangu ya rimoti imeanguka mara mbili, nikague nini kabla ya kuirusha tena?

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma, nina ndege ya rimoti ya povu, mabawa mita 1.2, mota ya umeme na betri ya LiPo ya seli 3. Mara zote mbili ilipopaa tu iliinua pua, ikapoteza mwendo, ikalalia bawa moja na kudondoka. Nashukuru hakukuwa na mtu karibu, maana propela ile inakata vidole kweli.

Nimeiunga kwa gundi. Nilipoipima, inatulia sawa juu ya vidole nikiishikilia kwenye 40% ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Nijuavyo inatakiwa iwe kati ya 25% na 33%, kwa hiyo mkia ni mzito. Je, nisogeze betri mbele tu, au niweke kipande cha risasi (yale madini mazito) puani? Nafasi ya betri ni finyu, na uzito naogopa kuuongeza kwa sababu huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nilitoa propela, nikazima rimoti makusudi, mota ikaendelea kuzunguka! Nawezaje kuipanga risiva (kifaa ndani ya ndege kinachopokea mawimbi ya rimoti) ikate mota yenyewe mawasiliano yakipotea? Kiwanja ninachotumia watoto hucheza hadi jioni, na hili lisipotengemaa sirushi.

Pia aliyewahi kuomba kibali TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kwa ndege ndogo kama hii anielekeze pa kuanzia.