Mrejesho: Tulifunga ndoa bomani

Habari zenu wapendwa. Niliomba ushauri hapa: mimi Muislamu, mchumba wangu Mkatoliki, na kila upande uling'ang'ania mwenzake abadili dini. Wengi mlinielekeza bomani, na huko ndiko tulikofunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaturuhusu. Mnatoa taarifa ya kusudio angalau siku 21 kabla, kisha mnafungishwa.

Mama mkwe, aliyeapa hatakanyaga, alikuja. Tulipotoka ofisini alinifunika doti mpya ya kanga mabegani na kuniita mwanangu mbele za watu. Nililia sana. Leo yeye na mama yangu wanapigiana simu hata kuulizana bei ya mchele!

Kwetu ndiko kulikopasuka. Baba hakuja. Kaka yangu mkubwa alinisimamia kama shahidi, na tangu hapo baba haitikii salamu yake. Hilo linaniuma kuliko yote, maana kaka hakuoa yeyote, amenipenda tu mimi mdogo wake. Mume wangu namshukuru, hajawahi kumsema baba vibaya.

Baba mdogo na shangazi wameahidi kwenda kuzungumza naye baada ya Idi. Nitawajuza.