Tupeane uzoefu: keki ya chenga kwa matunda ya msimu

Bint Fuoni
Assalamu alaykum wapishi wenzangu. Maembe yameshajaa Mwanakwerekwe, na msimu ukifika hapa wateja wangu wa chai ya jioni huacha kuulizia keki ya kawaida. Wanataka ile ya vipande: unga uliookwa chini, matunda katikati, chenga juu. Na swali huwa ni lile lile, unafanyaje ikakatika vizuri bila matunda kumwagika? Nimeona tukusanye uzoefu wetu mahali pamoja, kila mtu kwa tunda lake na jiko lake.

Chakula hiki asili yake ni Uingereza, wenyewe wanakiita krambo, na hupikwa zaidi Septemba mpaka Novemba, majani yakipukutika na matofaa, peasi na plamu zikivunwa. Kuna ya bakuli, inayoliwa kwa kijiko na kastadi ya moto, na kuna hii ya trei inayokatwa vipande. Hii ya trei ndiyo ninayouza.

Kwa trei ya sentimita 20 kwa 30 natumia unga wa ngano gramu 375, siagi baridi gramu 225, sukari gramu 150 na chumvi kidogo. Siagi naipikicha kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka iwe chenga. Sikandi, wala sitii maji. Thuluthi mbili naishindilia kwenye trei kwa kitako cha gilasi na kuioka peke yake, digrii 180, kama robo saa, mpaka ianze kushika rangi. Iliyobaki naichanganya na konzi ya oti, naiweka kwenye friji.

Tunda ni kilo moja, limeshamenywa na kukatwa. Hapa ndipo penye kazi, jamani. Maelezo ya Kizungu yameandikwa kwa ajili ya tofaa, si matunda yetu. Ukifuata maelezo ya Kizungu ukatia embe bichi bichi juu ya unga, maji yote yatashuka chini na utapata uji. Lazima tunda lipikwe kwanza kwenye sufuria pana, bila mfuniko, mpaka ukipitisha mwiko chini uone njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Hapo natia konifulawa (wanga wa mahindi) vijiko viwili vya chakula niliyoivuruga kwa maji baridi, inachemka dakika moja, naepua na kuacha ipoe kabisa. Halafu ndiyo naitandaza juu ya unga ulioiva, namwaga chenga, na kurudisha ovenini dakika 35 hadi 40.

Embe ninalotaka ni boribo au dodo lililopevuka lakini bado gumu, nyama imeanza umanjano karibu na kokwa. Lina ugwadu wake, na likipikwa linashikamana lenyewe. Lililoiva sana mwachie mtu wa juisi.

Haya, nani anafuata?

Mama wa Mpendae
Waalaykum salaam shoga. Mie ovena sina, natumia makaa juu na chini kama tunavyooka mkate wa mayai, na nataka niseme kwa sauti kubwa kwamba inawezekana, kwa sababu wengi wanaogopa wakisikia digrii 180.

Siri ni kuugeuza moto katikati ya kazi. Unga wa chini unapookwa peke yake, makaa yawe chini zaidi na juu machache. Ukishatia matunda na chenga, toa makaa ya chini ubakishe mawili matatu, kisha palia juu kwa wingi. Ukiacha moto ule ule, chini kutaungua kabla chenga hazijapata rangi. Naweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, naupasha moto mpaka uwe wa kuunguza, na bati la keki linakaa juu ya mchanga, halikutani na chuma.

Jambo la pili ni mvuke. Mfuniko ukiziba vizuri chenga zinalainika, zinakuwa kama ugali mkavu. Mimi nafunika kwa bati bapa lenye makaa juu, upande mmoja nimeliinua kwa kijiko ili mvuke utoke. Dakika 40 za ovena kwangu zinafika saa nzima, kwa hiyo siangalii saa, naangalia pembeni: tunda likianza kutokota kwenye ukingo na kuacha alama ya sukari nyekundu, tayari.

Mwana wa Wete
Yakhe, sisi huku Pemba nanasi ndilo linalotupendeza. Nafanya na dada yangu tunauza skuli na bandarini. Nanasi lina maji mengi kuliko embe, hivyo alichosema Bint Fuoni kuhusu kupika kwanza kwetu ni sharti. Tunalikata dogo dogo, tunalichemsha na sukari kidogo sana mpaka maji yakauke na vipande vianze kung'aa. Ukionja na ulimi ukakubali, acha hapo hapo, usiongeze sukari, kwa sababu chenga zina sukari yake.

Karafuu: mbili tu kwa kilo ya nanasi, nzima, na uzitoe kabla ya kutandaza. Watu wakisikia Pemba wanadhani tunamwaga karafuu kwa konzi. Ikizidi inaua ladha ya tunda na inatia ganzi mdomoni. Mdalasini ndio wa kutia kwenye unga, kijiko cha chai kimoja.

Badala ya oti tunatia nazi. Ni ile iliyokunwa na kukamuliwa tui lote, tunaikausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka ilie, halafu tunaichanganya na chenga za juu. Chicha hiyo watu huitupa au huwapa kuku. Mimi naona inapita oti kwa mbali.

Bint Fuoni
Kaka wa Wete, hilo la chicha umenifungua macho, leo leo najaribu.

Mzenji wa Leicester
Salamu kutoka baridini. Nachangia kutoka kule keki yenyewe ilikozaliwa. Majirani zangu hapa hawapiki kwa tofaa lolote tu. Wana tofaa maalumu la kupikia linaitwa Bramley, kubwa, la kijani, kali huwezi kulila bichi, na likipata moto linayeyuka kuwa rojo. Mti wake wa kwanza ulitokana na mbegu iliyopandwa Southwell, Nottinghamshire, mwaka 1809. Kwa hiyo mwaka mzima wanafurahia tofaa tamu la kula, lakini ukifika wakati wa krambo wanatafuta ukali. Nikaelewa kwa nini embe letu pevu linafaa kuliko lililoiva: sukari ya chenga inataka kitu cha kuipinga.

Mwisho wa Agosti na Septemba watoto wangu wanachuma beri nyeusi za mwituni, zinaota pembeni mwa njia, za bure. Tunazichanganya na Bramley. Mama yangu alipokuja kututembelea alionja akasema kinachokosekana ni hiliki, na tangu hapo hiliki naitia, iliyotwangwa na kuchekechwa, nusu kijiko cha chai. Majirani wananiuliza ni nini kile.

Kijana wa Kikwajuni
Samahani wakubwa, zambarau inafaa? Kwetu kuna mti unamwaga chini mpaka tunafagia.

Mpishi wa Nungwi
Inafaa sana mdogo wangu, ila ina kazi. Zioshe, ziroweke na chumvi kidogo kama unavyofanya za kula, ili ule ukakasi upungue, kisha zioshe tena. Chemsha na maji kidogo mpaka zipasuke, halafu zipitishe kwenye chekecheke ya matundu makubwa ukisukuma kwa mwiko. Kokwa zinabaki juu, rojo linashuka. Kilo mbili za zambarau ndiyo utapata rojo la trei moja. Rangi yake haina mfano, wageni hotelini wanapiga picha kabla ya kula. Vaa nguo usiyoipenda.

Kwa kuwa nimeshaingia, niseme la mabungo pia, maana hili ndilo linalotoka haraka kuliko yote ninayopika. Nyama ya bungo imeshika kokwa, kwa hiyo nalo ni la kuchemsha na kuchuja. Ni kali, na hapo kuna jambo la kuangalia: konifulawa haipendani na ukali ikichemka muda mrefu. Inashika vizuri, halafu ukiendelea kuichemsha inalegea tena. Ichemshe dakika moja, epua. Na kama unataka ndimu kwenye embe au nanasi, ikamulie baada ya kuepua.

Pasheni fanya vivyo hivyo, lakini mbegu zake mimi naziacha kidogo, zinatafunika vizuri pamoja na chenga.

Bi Mkubwa wa Donge
Wanangu, nimesoma yote. Nyinyi mnasema ni chakula cha Waingereza, na mimi ninavyoona hizo chenga mkono wake ni ule ule wa vileja. Sisi tumezaliwa tunapikicha samli kwenye unga wa mchele mpaka ushikane ukiubana na kumomonyoka ukiuachia. Mjukuu wangu alipotaka kuoka hii, nilimwambia aiweke kando hiyo siagi, nikamtolea samli. Unga nusu wa ngano, nusu wa mchele uliotwangwa na kuchungwa vizuri, hiliki, sukari. Ikatoka inavunjika mdomoni kabla ya jino.

Chini hapo msitie mchele mtupu, hautabeba tunda. Nusu kwa nusu inatosha.

Bint Fuoni
Shikamoo Bi Mkubwa. Umenipa jibu la tatizo la kaskazi. Joto likizidi, siagi inayeyuka mikononi kabla chenga hazijaundika, na ndiyo maana siku hizi naigandisha siagi na kuikwangua kwenye kikwangulio cha karoti. Nakuomba ruhusa nitofautiane nawe kidogo tu: kwa wanaouza, samli bei yake iko juu, na ukitumia kipimo sawa na siagi, vipande vinavuja mafuta kwenye karatasi. Siagi ina maji ndani yake, samli ni mafuta matupu. Kwa hiyo gramu 225 za siagi mimi ningezigeuza kuwa samli gramu 180 hivi.

Bi Mkubwa wa Donge
Marahaba mwanangu. Mimi sijawahi kupima kwa gramu, mkono unajua. Lakini uko sawa, samli huwa natia kidogo kidogo.

Mama Bububu
Mbona hakuna anayetetea matofaa? Mimi nayapenda na sioni aibu.

Bint Fuoni
Hatuyapingi, dada. Ila yanayofika Darajani mengi hutoka Afrika Kusini, na kule wanavuna tangu kaskazi yetu mpaka masika. Basi ukitaka krambo ya tofaa, ipike masika, wakati mapya yameingia na maembe yamekwisha. Chagua la kijani lenye ukali, changanya na ukwaju kijiko kimoja cha rojo zito. Kutoa pesa kwa tofaa lililokaa ghalani miezi, Disemba, huku maembe yanaoza chini ya miti ya Dunga na Bambi, hilo ndilo linaloniuma. Nasema kwa moyo mmoja: kama keki hii kule kwao ilizaliwa kwa ajili ya kumaliza matunda yaliyozidi, sisi tuna matunda yanayozidi kuliko wao. Plamu na peasi za Lushoto nazo nikizikuta nanunua, zinapikwa kama tofaa, maji kidogo tu.

Mwenye Kibanda, Chake
Mie ndizi. Mkono wa tembo iliyoiva mpaka ngozi imeingia madoa meusi, vipande vyembamba, siipiki kwanza, naipanga tu juu ya unga ulioiva, ndimu, kungumanga kidogo, chenga. Ndizi haina maji ya kuleta taabu. Kwa anayeanza, aanze hapa.

Mwana wa Wete
Suala la mwisho kwa wanaouza. Inakaa siku ngapi, na inasafiri? Nina ndugu Unguja wananidai ya nanasi kila boti.

Mpishi wa Nungwi
Inasafiri kuliko keki ya krimu, lakini usiikate siku ya kuioka. Iache ipoe kabisa, ilale kwenye friji usiku mmoja, kisha kata kwa kisu kikali ukikifuta kila mkato. Ikiwa baridi, wanga umeshika na ukingo unatoka mnyoofu. Nje ya friji kwa joto letu, inakaa asubuhi mpaka jioni tu. Ndani ya friji siku tatu, baada ya hapo chenga zinaanza kulainika. Zikilainika, zirudishe ovenini dakika kumi zinafufuka. Kwenye boti, panga vipande safu moja kwenye kontena bapa na karatasi chini, usivirundike, na usifunge mfuniko vikiwa na joto.

Mwana wa Wete
Shukrani kaka. Na kipimo cha trei ya mstatili mimi sina, tuna sinia za duara tu.

Bint Fuoni
Sinia la duara lenye upana wa sentimita 28 linachukua vipimo vile vile, bila kuongeza wala kupunguza. Likiwa la 20, chukua nusu ya kila kitu na toa dakika kama tano kwenye muda wa mwisho. La muhimu liwe na ukingo wa vidole viwili, maana nanasi likitokota linapanda. Ukimaliza tuandikie hiyo chicha umeikausha kwa muda gani.