Tupeane uzoefu: tuliokwenda ughaibuni kufundisha Kiingereza tukakutana na baridi

Mwalimu Mtarajiwa (mfungua mada)

Salaam ndugu zangu wa Kampala, Arua, Kasese, Tororo na kwingineko. Naandika nikiwa Poland, ndani ya koti, ndani ya blanketi. Nilifika Novemba kwa masomo, lakini nia yangu ni ualimu wa Kiingereza. Cheti cha saa 120 cha kufundisha Kiingereza ninacho, na darasa la watoto themanini Tororo nimelishika miaka minne. Kwa hiyo ubao siuogopi.

Kilichonishinda si theluji. Ni saa.

Sisi watu wa ikweta saa yetu ni jua. Linachomoza saa moja kasoro, linazama saa moja kasoro, iwe Januari iwe Julai. Huku Desemba jua linazama saa tisa na nusu hivi alasiri. Wiki ya kwanza niliamka usingizini mchana, nikaona giza dirishani, nikajua nimelala mpaka usiku na chakula nimekikosa. Kutazama simu: saa kumi na robo. Sasa niambieni, saa kumi ya giza kwa Kiswahili si ile ya alfajiri, ya daku na ya wezi? Hii nyingine ya jioni tuiiteje? Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, nisiseme.

Kazi bado. Nimepeleka maombi shule kadhaa za lugha, wanajibu kwa adabu, kisha kimya. Waliotangulia, mlifanyaje? Msinifiche hata ya aibu.

Mtoto wa Owino

Pole kaka. Mimi nilikuwa Prague miaka miwili, sasa nimerudi nyumbani. Koti langu nililinunua soko la Owino, Kampala, kwenye mivumba (mitumba), zito kama godoro, lebo ya ndani imeandikwa Kijerumani. Yaani lile koti lilikuwa linarudi kwao, mimi ndiye mgeni.

Ila viatu nilikosea. Nilivaa viatu vya ngozi vya mwalimu, soli laini, vya kung'aa. Siku ya usaili barafu ilikuwa imetanda kituo cha tramu, nikaenda chini mzima mzima, vyeti vikatawanyika. Watu wakapita. Hakuna aliyesema pole! Goti lilipona baada ya wiki, lakini hilo la pole liliniuma muda mrefu.

Na lilinirudia darasani. Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, alidondosha kikombe, nikamwambia "sorry" kama tunavyosema kwetu. Akanitazama: "Kwa nini unaomba radhi? Umenisukuma wewe?" Hapo ndipo nilipojua Kiingereza changu kina Kiswahili na Kiganda ndani yake, na pole yetu haina nyumba katika lugha yao. Nikaligeuza somo. Dakika arobaini nzima tulizungumzia pole tu. Wiki iliyofuata alikuja na rafiki yake, akalipa.

Aliyeonja Harbin

Poland ni baridi? Mwalimu, mimi nilikuwa Harbin, kaskazini mwa China. Januari huko digrii ishirini chini ya sifuri ni siku ya kawaida, usiku unaweza kukaribia thelathini. Kope zinashikana. Barafu za vijiti wanauza nje, kwenye maboksi ya kawaida, friji ya nini?

Lakini ndani ya nyumba ni joto kama Gulu mwezi wa pili. Kaskazini mwa China majengo yanapashwa joto kwa mabomba ya mji mzima, na Harbin wanafungua tangu Oktoba hadi Aprili. Rafiki yangu aliyekwenda Changsha, kusini, ambako mabomba hayo hayajawekwa, ndiye aliyeteseka: nje digrii tano, darasani digrii tano, anafundisha na glavu. Kwa hiyo usiulize "kuna baridi kiasi gani", uliza "nyumba inapashwaje moto".

Sasa ile ya aibu, kwa kuwa umeomba. Pasipoti ya Uganda haimo kwenye ile orodha yao fupi ya nchi zinazohesabiwa kuwa na Kiingereza cha kuzaliwa. Kiingereza ni lugha rasmi kwetu, tumekisoma tangu darasa la kwanza, na wengine wetu tulivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama uwanjani. Haisaidii. Mimi nilikuwa na viza ya masomo, na kufundisha kwa viza ile si halali. Nilijua hata wakati ule. Wakala akanipeleka kituo cha masomo ya jioni, akaninong'oneza mlangoni: "Usiseme Uganda. Sema Afrika Kusini."

Nikasema. Mimi ambaye safari yangu ndefu kabla ya hapo ilikuwa Mbarara! Watoto wakachora bendera ya Afrika Kusini wakaibandika ukutani. Mzazi akaniuliza kama Cape Town huwa kuna theluji, nikajibu "wakati mwingine" kwa uso mkavu kabisa. Kila usiku nasoma habari za Cape Town kwenye simu kama ninayefanya mtihani wa jiografia.

Aliyenifichua ni babu mmoja aliyekuwa akija kumchukua mjukuu wake. Nilikuwa kwenye ngazi naongea na dada yangu kwa simu, Kiswahili cha Bwera kisichojificha. Mzee akasimama. Akasema polepole, "Jambo, rafiki. Wewe Tanzania?" Kumbe ujana wake alikuwa fundi kwenye reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia waliyoijenga Wachina, miaka ya sabini! Akakumbuka "maji", "chakula", "haraka haraka". Akashika mkono wangu kwa mikono miwili, hajauachia. Nikamwambia ukweli: Uganda, jirani. Akacheka sana. Kituoni hakusema neno, lakini mimi sikuweza tena kuitazama ile bendera ukutani. Muhula ulipoisha niliacha.

Mwaka 2021 serikali yao ilibana vituo vya masomo ya ziada, na wengi niliowajua wakatafuta pa kwenda. Kwa hiyo hata uongo ule usingenifikisha mbali.

Nyabo wa Lira

Hadithi tamu, lakini mtoto wa watu anakauka ngozi huko. Mwanangu, mwombe mtu akuletee moo yaa, mafuta yetu ya shea ya kaskazini. Paka ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado mbichi. Midomo usisahau. Na nenda kwa daktari akupime vitamini D, maana jua la huko wakati huu halitoshi mtu yeyote, sembuse sisi weusi. Mimi nilipokuwa ughaibuni nilidhani nina huzuni ya kukumbuka nyumbani. Kumbe sehemu yake ilikuwa ni vitamini hiyo tu kupungua kwenye damu.

Msemakweli

Ninyi angalau mmegandishwa. Mimi niliomba Korea Kusini. Viza yao ya walimu, E-2, ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Niligundua baada ya kulipia kila muhuri, cheti cha mwenendo mwema cha Interpol kikiwemo. Koti nimempa mdogo wangu anaendeshea boda Kabale. Limemkaa.

Dada wa Kasese

Naandika nikiwa Poland pia, karibu mwaka wa tatu. Wakala wa Kampala aliniahidi "kazi ya ualimu Ulaya". Tuliuza mbuzi na kipande cha shamba la kahawa. Nilipofika, ualimu ulikuwa ni kuchuma uyoga. Poland inalima uyoga mwingi kweli. Unachuma kwenye vyumba vya giza na unyevu, ukitoka nje ni giza jingine, lile analosema mfungua mada.

Hosteli tulikuwa Wanepali, Wajojia, Waukraine na mimi. Jioni jikoni hakuna lugha moja. Nikaanza kwa masufuria: hiki ni kijiko, hii ni chumvi, nani amekula mayai yangu. Hilo la mayai lilijifunzwa haraka kuliko yote! Baada ya mwezi mmoja nilikuwa na watu tisa mezani kila Jumapili, bure, na ubao wangu ulikuwa mlango wa friji.

Msimamizi wetu aliona. Binti yake alikuwa na mtihani wa kumaliza sekondari, nikaanza kumfundisha kwa malipo. Huyo akaleta mwenzake. Shule za lugha zilizonikataa kwa barua hazijawahi kuniita mpaka leo, lakini nina wanafunzi kumi na wanne na uyoga nauona sokoni tu. Kaka, acha kutuma barua kwa wiki mbili. Tafuta jiko lenye watu.

Mwalimu Mtarajiwa

Nimesoma yote mara mbili, nawashukuru. Dada wa Kasese, hosteli yetu ina Waturuki wawili na Mvietnamu mmoja, na mayai yangu yanapotea. Nitaanzia hapo.

Ila kuna habari. Ofisi moja ya usafirishaji imeniita kesho somo la majaribio kwa wafanyakazi wao. Je, niseme Uganda mwanzoni, au ningoje waulize?

Aliyeonja Harbin

Sema kabla hujakaa.

Nyabo wa Lira

Na soksi mbili.

Mwalimu Mtarajiwa

Nimerudi. Nilisema Uganda hata koti sijavua. Mmoja akauliza iko wapi, nikamchorea Afrika ubaoni na Ziwa Victoria likatoka kama chapati. Nikawauliza kila mtu kwao kukiingia giza huwa ni saa ngapi, na tangu hapo hawakunyamaza, wanabishana kwa Kiingereza kibovu kizuri. Nikawaeleza kwamba kwetu saa moja ni mwanzo wa siku. Hawakuamini. Nikawaandikia.

Wamenipa Jumanne na Alhamisi kabla ya kazi yao. Saa moja kamili asubuhi, na Januari hii saa moja asubuhi huku nyota bado zinaonekana. Nitaondoka hosteli saa kumi na mbili. Ya usiku, mnaelewa, ingawa ni ya asubuhi.