Kava la jarida la shule: picha moja, picha tisa au mchoro wa mkono? Na yaliyomo tuyapangeje?

Kalamu_ya_Kidato5
Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa. Mi ni mhariri wa jarida la wanafunzi hapa shuleni kwetu, shule ya bweni mkoa wa Morogoro. Jarida linatoka mara moja kwa mwaka siku ya mahafali na safari hii tumeachiwa wenyewe tulipange, mwalimu mlezi ataliangalia mwishoni kabla halijaenda Kariakoo kuchapwa. Kamati tuko saba, tumepiga kura mara mbili na bado hatujaelewana kuhusu kava.

La kwanza ni picha moja kubwa, dada wa kidato cha 6 yuko maabara ameinamia bureti (lile bomba la kioo la kudondoshea kemikali), macho yote yako kwenye tone linalotaka kudondoka. Jina la jarida juu (ni neno moja la herufi tano) na kichwa kimoja cha habari chini. La pili ni picha tisa zimepangwa kama vigae: mechi, mdahalo, kwaya, bustani, mahafali ya mwaka jana, kila klabu ina picha yake. La tatu ni mchoro wa wino wa mwembe wetu wa katikati ya shule, kauchora dogo wa kidato cha 3, nikiuangalia nakumbuka siku niliyoripoti hapa na sanduku langu kichwani.

Afu kuna ukurasa wa yaliyomo. Wengine wanataka orodha ya kawaida, kichwa cha habari, vidoti, namba ya ukurasa. Wengine wanataka igawanywe kwa sehemu na kila habari iwe na sentensi moja chini yake, na picha mbili tatu. Tuna habari 19, kurasa 30, kava rangi, ndani nyeusi na nyeupe, tunatengenezea Canva (ile programu ya kudizaini mtandaoni). Naombeni mawazo jamani nalipenda sana hili jarida nataka litoke vizuri.

FundiWino
Marahaba dogo. Mi ni mchapaji, kabla hata ya kava nikushtue na kitu kimoja, kurasa 30 hazipo. Jarida la kupiga pini katikati linatokana na karatasi zilizokunjwa, karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwahiyo ndani ni 28 au 32, hakuna katikati ya hapo. Ukija na 30 utaachiwa kurasa mbili nyeupe mwishoni na utalipia karatasi ileile. Nenda 32, hizo mbili zilizoongezeka ndo zitakuokoa baadae.

Kuhusu kava, kura yangu picha ya maabara. Jarida siku ya mahafali linakuwa mezani na mzazi anapita na watoto na mizigo, anatupa jicho mara moja. Picha moja ataiona akiwa mbali, zile tisa kwenye A4 kila moja itakuwa na upana wa kama sentimita 6 hivi, huoni sura ya mtu hapo labda uichukue mkononi.

Ila nauliza, hiyo picha mmeipata vipi? Isije ikawa ya WhatsApp.

Kalamu_ya_Kidato5
Ni ya WhatsApp kaka, alinitumia mwenzangu. Nimeifungua sasa hivi inasema 1200 kwa 1600.

FundiWino
Hiyo haitoshi. Kuchapa vizuri tunahitaji nukta 300 kwa kila inchi, A4 nzima ni pikseli 2480 kwa 3508. Ya kwako ukiigawa kwa 300 inatosha upande mrefu wa sentimita 13 na nusu tu, chini ya nusu ya kimo cha kava. Kwenye simu utaiona kali kabisa, ikishachapwa inakuwa na ukungu na kingo za bureti zinakuwa kama ngazi. Mwambie mwenzako atafute ya asili kwenye simu yake, simu nyingi zinapiga 3000 kwa 4000 inatosha na chenji inabaki, afu aitume kama dokumenti sio kama picha. Kama keshaifuta mrudieni yule dada mpige upya, asubuhi, mwanga wa dirishani uwe pembeni yake, bila flashi maana flashi kwenye vioo vya maabara inaacha doa jeupe.

DadaMhariri
Na kabla hamjampiga upya muulizeni yeye mwenyewe kama anataka sura yake iwe kwenye kava, na kama hajafika miaka 18 mzazi wake naye aulizwe. Nimewahi kufanya jarida chuoni, mtu tukamweka kava bila kumuuliza, alilia siku ya uzinduzi na hatukuwa na la kumwambia, nakala zilikuwa zishachapwa. Bado inaniuma.

Mi kuhusu kava nakubaliana na fundi kwa la maabara juu ya zile picha tisa. Ila najua kwanini zile tisa zina wapiganaji, kila klabu inataka ijione, na wana haki, ni jarida lao. Dawa ni kuwapa zile kurasa mbili za ziada, katikati kabisa pale kwenye pini (ukurasa wa 16 na 17 kwenye jarida la 32) karatasi ni moja inafunguka mzima mzima, tandazeni picha zote pale kubwa kubwa na majina chini. Au kava la nyuma maana ni la rangi. Hapo hakuna klabu itakayolalamika.

Pwani_Dizaini
Salaam aleikum nyote. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni kutengeneza vitabu na kalenda. Waama mimi naenda na mchoro wa mwembe. Picha ya mwanafunzi maabara ni nzuri lakini kila shule inayo, ukiondoa jina la shule hujui ni ya wapi. Huo mwembe ni wenu nyinyi peke yenu. Mtoto wa miaka ishirini ijayo akikuta jarida hilo kwao kabatini mamake atauona ule mti na aanze kuhadithia.

Jambo jingine mchoro wa wino hauna tabu ya rangi. Simu na kompyuta zaonyesha rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa yatumia wino nne, na kuna rangi hazivuki salama, bluu kali na kijani kile cha kung'aa huja zimefifia. Nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni ileile popote. Mwaweza kuweka rangi moja tu ya shule nyuma ya mti, tena muombeni mchapaji awatolee nakala moja ya kava muione kwanza kabla hajachapa zote.

Pia mwasema jina ni herufi tano, hiyo ni bahati kubwa. Litandazeni upana mzima, na mlitie sehemu ileile kwa umbo lileile kila mwaka. Gazeti la TIME lina ule mpaka mwekundu tangu 1927, hata usiposoma jina wajua ni lenyewe.

Mzee_wa_Stensili
Hamjambo wanangu. Naungana na wa Mombasa. Pale Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969 wanafunzi walianzisha jarida linaitwa Cheche, likachapwa kwa stensili (ile karatasi ya nta inayotobolewa herufi wino upite), karatasi za kawaida kabisa, hakukuwa na picha za rangi wala nini. Mwaka uliofuata serikali ikalifungia, lakini hadi leo watu wanalizungumza. Lilikuwa na jina linaloshika na lilikuwa na la kusema. Sasa nimuulize mhariri, katika hizo habari 19 ipi ndo kubwa? Maana sisi tunachagua picha kabla hatujajua jarida linasema nini. Kava litoke kwenye habari kubwa.

Kalamu_ya_Kidato5
Shikamoo mzee. Habari kubwa ni ya kurasa nne, miti ya shule: iliyokatwa kujenga mabweni, iliyobaki, na klabu ya mazingira inavyopanda mingine. Ya maabara ni ukurasa mmoja tu.

Ulivyouliza hivyo nimeona kitu ambacho kamati nzima hatukukiona.

DadaMhariri
Basi nabadili kura yangu, mwembe. Dada wa maabara mpeni nusu ukurasa kwenye habari yake.

FundiWino
Na mi nahama. Ila mchoro uskaniwe, msiupige kwa simu, ukipiga kwa simu kona moja inakuwa na kivuli na karatasi inaonekana ya kijivu. Skana kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi itoke nyeusi. Na mti usiishie pale pale karatasi inapoishia, panueni dizaini milimita 3 kila upande, badala ya 210 kwa 297 iwe 216 kwa 303, kwasababu kisu cha kukatia hakipiti mstari uleule kila nakala, usipoacha ziada unapata kijistari cheupe pembeni. Maandishi nayo yakae ndani angalau sentimita moja. Kwenye Canva ukishusha chagua PDF ya kuchapa afu weka tiki kwenye alama za kukatia.

Mwl_Kiswahili_Dodoma
Naona yaliyomo yamesahaulika, na huo ndo ukurasa msomaji anaufungua wa kwanza. Orodha ya habari 19 mfululizo inachosha, jicho linafika ya saba linateleza. Ila ile ya sentensi moja kila habari kwa habari 19 itajaza ukurasa hadi pumzi iishe. Mimi ningegawa sehemu nne, labda Shuleni, Sayansi, Sanaa na Michezo, Mashairi na Barua, kila sehemu kichwa kizito na habari zake chini yake. Sentensi ya maelezo zipewe habari nne tu zilizo kubwa, zilizobaki kichwa na namba zinatosha. Picha moja, na juu ya picha namba ya ukurasa wake, kubwa.

Tena namba iwekeni kushoto kabla ya kichwa, vidoti mviache. Vichwa vya Kiswahili ni virefu na havilingani, "Tulivyojifunza kupanda miti" na "Mwembe" ukivitia vidoti kulia vinakuwa kama meno yaliyong'oka. Namba ikitangulia jicho linashuka mstari mmoja ulionyooka.

Angalizo la mwisho, mkihamia programu kama InDesign au Scribus zimeni ile ya kukata maneno mwisho wa mstari kama haijawekwa Kiswahili. Inakata kwa kanuni za Kiingereza, nimeona "wanafun-zi" kwenye jarida la shule, wakati silabi ni wa-na-fu-nzi. Mtoto anayejifunza kusoma anaumia pale.

DadaMhariri
Nyongeza kwa mwalimu: yaliyomo andikeni mwisho kabisa, baada ya kila kitu kutulia. Sisi tuliyaandika mapema, afu likaja tangazo la ukurasa wa 4, habari zote zikasogea moja mbele na hakuna aliyekumbuka. Jarida zima namba zilikuwa uongo. Mmoja asome namba kwenye yaliyomo kwa sauti, mwingine afungue ukurasa, moja moja mpaka 19.

Kalamu_ya_Kidato5
Asanteni sana, mmenitoa mbali. Kamati imekaa leo baada ya prepu na hatukuhitaji kura ya tatu: mwembe kava, picha tisa katikati 16 na 17, kurasa 32, yaliyomo sehemu nne namba kushoto. Nimekunja karatasi nane tupu nikaandika namba kila ukurasa, tunapanga habari humo kwa penseli kwanza.

Dogo wa kidato cha 3 nimeenda kumuuliza kama anaridhia, akauliza jina lake litakaa wapi. Wakuu, la mchoraji wa kava linawekwa wapi?

Pwani_Dizaini
Ukurasa wa yaliyomo, chini kushoto: "Mchoro wa jalada", kisha jina lake kamili na kidato chake. Na kama alitia sahihi yake kwenye shina la mti msiifute.