Mtoto katumwa dukani, watu wazima wanampita tu. Hii ni sawa kweli?

dada_wa_tabata (Dar es Salaam)

Wakuu habari za jioni. Nina jambo limenikaa moyoni naomba tulijadili kiungwana.

Huku mtaani kwetu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku duka la kona linajaa, ndo muda watu wanatoka kazini na ndo muda watoto wanatumwa. Maduka yenyewe mnayajua yalivyo, dirisha lina nondo, Mangi (mwenye duka) yuko ndani, sisi nje tumebanana, foleni hakuna, kila mtu kapenyeza mkono na hela yake. Sasa anafika mtoto wa miaka saba au nane, kaikunja buku yake kwenye kiganja, katumwa sukari robo, mafuta ya kupima na pakti moja ya viungo, anasema "Mangi naomba sukari" wala hasikiki maana kichwa hakifiki hata dirishani. Anakuja baba anataka vocha, anapewa. Anakuja dada anataka mkate, anapewa. Anakuja mwingine "Mangi mi kimoja tu nipe maji ya baridi niwahi gari", anapewa. Mtoto yupo palepale na giza linaingia. Akirudi nyumbani anaulizwa ulikuwa unacheza wapi muda wote huo, na wapo wanaochapwa kabisa kwa kosa ambalo ni letu sisi watu wazima.

Juzi nikasema kwa sauti jamani huyu mtoto katangulia, mama mmoja akanijibu mtoto ana haraka gani, hana majukumu huyo. Nikamwambia jukumu lake ndo hilo alilotumwa. Tukanuniana.

Naomba kuuliza, kwenu iko hivi hivi? Wenye maduka mnaonaje mkiwa kule ndani? Na nyie mnaotuma watoto mnafanyaje ili wahudumiwe haraka wasikae gizani?

mzani_kwanza

Mimi nina duka, acha nieleze kutoka upande wa ndani ya dirisha.

Ukiwa ndani unaona mikono na sura za watu wazima tu, mtoto akiwa chini ya usawa wa dirisha humuoni kabisa, unasikia tu kasauti na hujui kanatokea wapi. Hilo la kwanza. La pili ni la kazi yenyewe, mtu wa maji nampa chupa, napokea hela, kaondoka. Mtoto wa kupima ananitaka nishike mzani nipime sukari, nifunge, nichukue chupa yake nimimine mafuta kwa kipimio, nitafute viungo, nipige hesabu, nirudishe chenji, halafu nimuulize mama kasema viungo vya pilau au vya mchuzi, hajui, anakimbia kwenda kuuliza anarudi. Kwa hiyo mkono wenyewe unakimbilia cha haraka. Na wateja wanalijua hilo ndo maana kila mtu siku hizi ni "kimoja tu Mangi", vikija kimoja kimoja kwa nusu saa mtoto bado kasimama.

Nilichofanya ni hivi, nimeweka tofali mbili chini ya dirisha wanapanda, naona sura. Pili nikimuona mtoto napokea hela yake hapohapo hata kama sijaanza kumhudumia, naiweka juu ya mzani. Hela ikishakaa pale kila mtu anaona kuna mteja kashatangulia na mimi mwenyewe siwezi kusahau. Chenji namfungia kwenye kikaratasi nilichoandika bei ya kila kitu, mzazi akiona kuna shida anapiga simu, mtoto hasingiziwi kala hela.

Ila kuna wazazi wanamtuma mtoto sigara. Hiyo simpi, sheria hairuhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18 na haijalishi nani kamtuma. Wananinunia sana lakini nimeshikilia hapo.

posta_mbagala

Mnalikuza jambo jamani. Mtu katoka Posta kasimama kwenye daladala mpaka miguu imevimba, anataka mkate akalale, umwambie asubiri mtoto anapimiwa mafuta? Tatizo ni wazazi. Kwa nini umtume mtoto usiku? Mtume saa tisa duka likiwa tupu.

dada_wa_tabata

@posta_mbagala uchovu wako naujua na mimi napanda gari hizohizo. Ila saa tisa hela iko wapi? Nyumba nyingi huku baba ni boda au fundi, mama anauza vitu barazani, hela ya kula inaingia jioni hiyohiyo na inaenda dukani hiyohiyo. Ndo maana watu wananunua sukari robo, unga nusu, mafuta kijiko. Mtu mwenye uwezo wa kununua kilo tano za unga mwisho wa mwezi hamtumi mtoto kila jioni. Kwa hiyo anayeachwa gizani siku zote ni mtoto wa yule mwenye hela ndogo.

mama_wa_maharage

Umenena dada. Mimi nauza maharage ya kuchemsha na njegere, na ndugu yangu anauza chapati meza ya pili, wateja wetu jioni nusu ni watoto. Watu wananunua yaliyochemshwa kwa sababu kuchemsha maharage mwenyewe kunakula gesi au mkaa masaa, kwa familia ya watu wanne haina faida, bora uchote kwangu ukaunge tu na nyanya, kitunguu na nazi.

Sasa naomba niseme la usalama maana linaniumiza. Maharage yanatoka kwenye sufuria ya moto, mtoto kaja mikono mitupu, mzazi anategemea nimwekee kwenye nailoni. Ile mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019 lakini hata hizi nailoni nyepesi za kufungia zilizobaki, ukiweka kitu cha moto inalegea inapasuka, na mtoto kaibana kifuani anakimbia. Nimeshaona mtoto kaungua tumboni kwa mchuzi. Mleteni na bakuli lenye mfuniko, au hotipoti ndogo, au hata kindoo cha mafuta kilichooshwa vizuri. Akija na bakuli mimi namhudumia wa kwanza, na wakubwa waliopo nawaambia kabisa huyu kabeba cha moto asisukumwe.

Na hapa kwenye kusukumana ndo adabu ya hadharani inapohitajika zaidi. Mtu mzima anapenyeza kiwiko juu ya kichwa cha mtoto aliyeshika mchuzi wa moto, jamani.

mzee_ilala

Nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Sisi tulipokuwa wadogo tulikuta wakubwa dukani tunaamkia wote, tunasubiri, hatukuona vibaya. Vijana wanasema hiyo ndiyo mila, mkubwa kwanza. Ni kweli, lakini wanaisema nusu. Yule mkubwa uliyemwamkia alikuwa anakuuliza, umetumwa na nani, umetumwa nini, halafu yeye ndiye anamwambia mwenye duka mpe huyu mtoto kwanza mama yake anamsubiri jikoni. Akikuona unachezea njiani anakurudisha nyumbani. Shikamoo ilikuwa na deni lake. Leo mtoto anaamkia watu sita dirishani, wanaitikia marahaba bila hata kumtazama, halafu wote sita wanampita. Hapo msinitajie mila.

posta_mbagala

Shikamoo mzee. Hilo nimelipokea. Ila bado nasema mtu wa kitu kimoja apite, ni suala la muda, sekunde kumi hazimuumizi mtu.

njia_ya_kayole (Nairobi)

Salamu kutoka huku. Hata kwetu iko hivyo hivyo, mtoto anatumwa kwa mama mboga saa moja jioni wakati kila mtu ametoka job na kila mtu anataka sukuma ya kukatwa. Na kukatwa kunachukua muda juu mama mboga anakata ukiwa hapo, kisu moja, watu kumi. Watoto wanasukumwa nyuma mpaka mwisho.

Chenye kilinisaidia mimi ni kulipa mbele. Nampigia mama mboga simu, nikiwa bado kwa matatu, namwambia nikatie sukuma ya thelathini na nyanya za ishirini, natuma na M-Pesa, anakata wakati bado hajapata watu wengi, anafunga anaweka kando. Mtoto akifika anasema tu nimetumwa na mama fulani, anapewa anarudi. Hakuna pesa mkononi ya kupoteza, hakuna kusukumana. Githeri ya kuchemshwa pia nafanya hivyo na mtoto anaenda na kopo lake, huku karatasi za plastiki zilikatazwa Agosti 2017 na faini yake ni ya kutisha, inafika hadi shilingi milioni nne za Kenya.

Shida ni moja, lazima mama mboga awe mtu mnaaminiana. Wengine unalipa halafu mboga inakuwa ile ya chini kabisa ya gunia.

mzani_kwanza

@njia_ya_kayole hii ya kulipa mbele huku pia inawezekana, nina lipa namba ya kupokea malipo ya simu. Ila wateja wengi wa kupima wanalipa keshi na makato kwenye hela ndogo wanayaona makubwa. Wachache wanafanya na hao watoto wao kweli hawakai.

upepo_wa_hamburg

Mimi nipo Ujerumani, naomba nichangie kidogo kwenye hoja ya @posta_mbagala ya kitu kimoja.

Huku supamaketi ni foleni, unaweka vitu vyako kwenye mkanda na unaweka kijiti cha kutenganisha vyako na vya mwenzio, hakuna anayemrukia mtu. Maduka karibu yote yamefungwa Jumapili kwa hiyo Jumamosi jioni foleni ni ndefu haswa. Na bado, ukiwa umeshika kitu kimoja nyuma ya mtu mwenye toroli lililojaa, mara nyingi anageuka mwenyewe anakwambia pita. Mara nyingine unamuomba wewe. Lakini anayeruhusu ni yeye uliyemkuta mbele. Mwenye mashine haulizwi.

Sasa tazama dirishani kwetu. Mtu anasema "Mangi mi kimoja tu". Anamuomba Mangi kitu ambacho si cha Mangi. Zamu ni ya mtoto. Angeinama akamwambia mdogo wangu naomba nitangulie nina kitu kimoja, watoto wengi wangekubali, na akikataa basi kakataa, una haki ya kusubiri kama wengine. Sekunde kumi kweli hazimuumizi mtu, mkuu, ila ni zake yeye kuzitoa.

Sisemi huku kila kitu ni kizuri, mtoto akienda dukani huku hakuna anayemjua jina wala kumuuliza mama hajambo, na hilo nalikumbuka sana la nyumbani. Ila hili la zamu tungelichukua.

posta_mbagala

Hapo umenifunga mdomo kwenye la kuomba. Sijawahi kusikia mtu anamuomba mtoto zamu. Nitajaribu. Ila mzani_kwanza na wenzako nanyi mseme neno mkiwa ndani, maana nyie ndo mnaoamua mpokee mkono wa nani. Mtu akiona maji hayatoki mpaka amuombe mtoto ataomba.

mzani_kwanza

Ni kweli, na wengine tunaogopa kupoteza mteja wa haraka anaenda duka la pili. Ila nikifikiria vizuri, mtu wa maji ya baridi ni mpita njia, yule mtoto nyumba yao inanunua kwangu kila siku ya Mungu na kwenye daftari la mkopo wana jina. Kibiashara pia mtoto ndo mteja. Nitaandika kwenye boksi nibandike juu ya nondo, dada_wa_tabata nisaidie maneno yasiwe ya ukali.

dada_wa_tabata

Andika "Ukimkuta mtoto, muombe yeye kwanza". Fupi, na kila mtu ataelewa. Na zile tofali usizitoe.

Wakuu nimejifunza mengi, mzee wangu shikamoo, hilo la marahaba bila kumtazama mtoto nitalibeba. @mama_wa_maharage nina swali la pembeni, hayo maharage nikinunua mengi jioni nikayaacha mpaka kesho yake bila friji yana shida? Maana wengi mtaani wanafanya hivyo.

mama_wa_maharage

Yana shida mdogo wangu, hasa kwa joto la Dar. Kitu kilichopikwa kikikaa usiku kucha kwenye sufuria kinaweza kuharibika kabla hujasikia harufu, na kukichemsha tena hakuondoi kila kitu. Nunua ya kula leo. Kama una friji, gawa kwenye vyombo vidogo yapoe haraka uweke, kesho yake uyachemshe yatokote kabisa sio kupasha juujuu.

Na wanaochemsha wenyewe, yale maharage mekundu yana sumu yake yakiwa mabichi. Yaloweke usiku, mwaga yale maji, weka maji mapya halafu yatokote kwa moto mkali angalau dakika 10 ndo upunguze moto. Msianze na moto mdogo toka mwanzo eti mnabana gesi, watu wanaharisha na kutapika wanadhani wamerogwa. Na magadi msitie mengi, yanalainisha kweli lakini yanaua vitamini.

Mimi ya jana siuzi. Yakibaki tunakula nyumbani usiku uleule na jirani anapata.

njia_ya_kayole

Mama asante, na hiyo ya moto mkali inafaa kuambiwa watu wengi, huku nimeona mtu anaweka madondo kwa jiko ya makaa yaliyoisha moto anaenda kanisa. Huwa unaloweka na maji ya moto ama baridi?

mama_wa_maharage

Baridi, na yawe mengi maana yanavimba. Ukiloweka jioni baada ya kula, asubuhi yapo tayari.